Barua za wasomaji: Hii ni nyasi gani?

Tangu nilipoandika katika toleo lililopita kwamba niko tayari kujibu maswali ya nyasi, barua zimekuja kwa wingi, na nne kati yake zilikuwa na nyasi zenyewe ndani ya bahasha. Nimezifungua zote juu ya karatasi nyeupe mezani kwangu, kioo cha kukuzia mkononi. Kwa miaka 26 kazi yangu ilikuwa kubandika mimea iliyokaushwa kwenye karatasi za hebaria, yaani hazina ya mimea mikavu ya kuchunguzwa, na nyasi ndizo zilizobaki moyoni. Waliotuma sampuli nawashukuru mno. Waliotuma picha tu, tutaelewana hapa chini.

*Shikamoo Mama. Katika kundi letu la wapenda mimea, mtu akileta okidi, jina linapatikana kabla hajakaa kitini. Mimi nilileta picha ya nyasi niliyoikuta ukingoni mwa njia, wakaniambia, "Hizo ni nyasi tu, tafuta kitu kingine." Iliniuma. Je, nyasi zinatambulika kweli, au mpaka mtu awe profesa? Picha nimeambatanisha.*
— Kijana wa kundi la mimea

Marahaba mwanangu. Zinatambulika, na uprofesa hauhitajiki. Agnes Chase wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1869, hakuvuka elimu ya msingi, lakini alikuja kuwa mmoja wa wajuzi wakubwa wa nyasi duniani. Alistaafu mwaka 1939, akaendelea kwenda kazini bila mshahara mpaka alipofariki mwaka 1963. Chuo Kikuu cha Illinois kilimpa shahada ya heshima mwaka 1958, akiwa na miaka 89. Waambie wenzako habari hiyo. Waambie pia kwamba familia ya nyasi ina spishi zaidi ya 11,000, na kwamba ndani yake wamo mahindi, mpunga, ngano, mtama, muwa na mianzi. Anayesema "nyasi tu" amezitaja mbari nyingi mno kwa neno moja.

Sasa picha yako. Umeipiga ukiwa umesimama, kwa hiyo naona kijani, naona masuke yaliyoinama na upepo, na kiatu chako. Nyasi hazijulikani kwa kutazamwa kutoka juu. Rudi pale pale, ukae chini.

Chuma bua moja. Shika jani katikati, ulifuate kuteremka mpaka linapokutana na bua. Hapo jani haliishii. Linageuka kuwa ala inayolivika bua mpaka kwenye fundo la chini yake, kama jambia lilivyokaa ndani ya ala. Vuta jani taratibu kwa nyuma, liachane na bua, utazame ndani ya ile kona iliyofunguka. Utaona kitu ambacho watu wanaishi na nyasi tangu utotoni bila kukiona: kiulimi.

Kwa nyasi nyingine kiulimi ni utando mweupe unaopitisha mwanga, umesimama kama ukosi wa kanzu. Kwa nyingine ukingo wa utando umechanikachanika. Nyingine hazina utando, bali safu ya nywele fupi zilizolingana kama kope za jicho. Na ziko chache, kama Echinochloa colona, ambazo pale pana uwazi mtupu, hakuna chochote. Wanaopalilia mpunga wanaijua alama hiyo, kwa sababu Echinochloa changa hufanana na mpunga kama mtu na pacha wake, isipokuwa mpunga una kiulimi kirefu na visikio viwili vyenye nywele vinavyolikumbatia bua. Mtu hufungua kona, akaona, akajua lipi la kung'oa.

Kona hiyo moja peke yake haikupi jina, lakini inafuta majina mengi. Ndiyo maana nikipata barua yenye picha naomba picha tano: mmea mzima mahali ulipoota, shina pale chini linapotoka ardhini, udongo ukiwa umepanguswa, kona ya jani ikiwa imefunguliwa, suke zima, na kisuke kimoja, yaani kile kijipande kidogo kabisa cha suke, kikiwa kando ya rula. Shina la chini watu hulisahau, nalo linasema mengi: kama mmea umejikusanya kichuguu, kama unatambaa juu ya ardhi na kuotesha mizizi kwenye mafundo, au kama unasafiri chini kwa chini.

Nenda ukaipige tena hiyo nyasi yako. Naingojea.

*Je, ndago ni nyasi? Mimi na mume wangu tumebishana wiki nzima.*
— Mama mwenye bustani

Siyo, dada yangu. Chukua bua la ndago linalobeba maua, ulizungushe kati ya kidole gumba na cha shahada. Utahisi kingo tatu. Majani yake pia yamepangwa kwa safu tatu, na bua halina mafundo. Bua la nyasi huwa la duara au limebapa kidogo, lina mafundo, mara nyingi lina uwazi ndani, na majani yake yamekaa kwa safu mbili, huku na huku. Ndago, Cyperus rotundus, iko ukoo mmoja na mafunjo. Likate bua la funjo uone pembetatu yake. Sijui kati yenu ni nani aliyesema nini, ila bua liko bustanini kwenu, lizungusheni wote wawili.

*Mama, kwa heshima zote. Katika toleo lililopita ulimwambia msomaji mwenye uwanja kwamba nyasi yake ni ukoka. Mimi nina nyasi yenye vidole kama vile vile, na si ukoka. Ukoka ninaujua, unatambaa. Hii yangu imekaa mahali pamoja, na kuing'oa ni kazi. Nimekutumia moja.*
— Mzee wa bustani

Shikamoo mzee wangu. Umesema kweli, na nimekosea. Yule msomaji alituma picha ya masuke peke yake, nami nikajibu nilichopaswa kukataa kujibu. Amenitumia mmea wenyewe sasa, nimeuweka kando ya wako: ni nyasi moja, Eleusine indica, ndugu wa ulezi. Namwomba radhi hapa hapa ukurasani.

Kosa hili ni rahisi kulifanya, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo. Nyasi nyingi huweka suke lake kama kiganja kilichofunguliwa, vidole vikitoka juu ya bua. Nne kati yake huchanganywa kila siku, nazo zinaachana vizuri ukizipa dakika kumi.

Ukoka, Cynodon dactylon, una vidole vyembamba kama uzi, kwa kawaida vitatu hadi sita, vyote vimeanzia nukta moja. Visuke vimebanana upande mmoja wa kidole kwa safu mbili, kila kimoja kina urefu wa milimita 2 hivi, na ndani yake kuna kiua kimoja tu. Kiulimi chake ni kope. Na unatambaa juu na chini ya ardhi, kama ulivyosema.

Eleusine indica, hii yako, ina vidole vinene zaidi, vilivyobapa, na mara nyingi kimoja kimechelewa njiani, kimechomoza chini kidogo ya wenzake kama kidole gumba. Pasua kisuke kwa ukucha: ndani kuna viua kadhaa vilivyopandana kama vigae. Tazama pia shina lake la chini, ambalo ni jeupe, limebapa kama limekaliwa. Sampuli yako, mzee, ilifika imenyauka bahashani, lakini weupe ule ulikuwa bado unang'aa. Picha ya masuke ilikuwa imeuacha nje, na ndio ungeniokoa.

Dactyloctenium aegyptium ina vidole vifupi na vinono, na kila kidole kinamalizikia kwenye ncha tupu, mfano wa mwiba mdogo uliozidi pale visuke vilipokoma. Ukishaiona ncha ile mara moja, hutaisahau. Za jenasi Digitaria, yaani kundi la spishi ndugu, nazo ni nyembamba kama ukoka, lakini kiulimi chao ni utando, na visuke aghalabu vimekaa viwili viwili, kimoja kina kikonyo kirefu na mwenzake kifupi. Mimi napenda kuzitazama kwa mwanga wa pembeni, kioo kikiwa karibu kabisa na jicho na nyasi ikisogezwa taratibu mpaka ikae sawa. Wengi hukishika kioo mbali kama wanasoma gazeti. Kisogeze mpaka kikaribie kugusa kope.

*Shikamoo Bibi. Mimi nina miaka 12. Mwalimu amesema nyasi zinatoa maua. Nimetafuta sana sijaona ua hata moja. Yako wapi?*
— Mwanafunzi

Marahaba mjukuu wangu. Mwalimu wako amesema kweli, na wewe umefanya vizuri kwenda kutafuta. Umeyatafuta petali na rangi, na nyasi hazina petali. Ua la rangi humwita nyuki. Nyasi hungoja upepo, na upepo hauitwi kwa rangi.

Fanya hivi. Amka mapema, kabla jua halijawa kali, maana nyasi nyingi hufungua maua yao asubuhi na kuyafunga baada ya muda mfupi. Tafuta suke changa, lililochomoza karibuni. Lipige pumzi kidogo. Ukiona vitu vidogo vinaning'inia na kutetemeka, vya manjano au vya zambarau, umefika. Hivyo ni vifuko vya chavua. Nyasi nyingi huwa na vitatu katika kila kiua, vimefungwa kwenye nyuzi nyembamba hata vinaonekana kama vinaelea hewani. Mpunga una sita. Gusa suke kwa karatasi nyeusi na utaona vumbi: hiyo ni chavua, na ndiyo inayowapigisha watu wengi chafya nyasi zinapochanua.

Sasa omba kioo. Pembeni mwa vile vifuko kuna vitu viwili kama manyoya ya ndege mdogo sana, vyeupe au vya zambarau, vimetokeza huku na huku. Ndivyo vinavyoidaka chavua ipitayo. Ndani zaidi, pasipoonekana kirahisi, kuna vijipande viwili vidogo vinavyonyonya maji na kuvimba, na kule kuvimba ndiko kunakosukuma kumvi mbili ziachane, ua lifunguke. Vikinywea, mlango unafungwa.

Kama huna kioo, tafuta mhindi unaochanua. Lile shada la juu ni maua dume. Zile ndevu za gunzi ni za maua jike, na kila unywele mmoja umefika mpaka kwenye punje yake moja. Unywele usipopata chavua, punje yake haijazi. Ukimenya gunzi lenye mapengo, kila pengo ni unywele ambao haukufikiwa.

Niandikie uliyoona, na uniambie ilikuwa saa ngapi.

*Kuna nyasi ambayo mbegu zake zinachoma soksi na kuingia mpaka kwenye ngozi. Mbwa wangu zilimwingia katikati ya vidole, ikabidi apelekwe kwa daktari. Nimeleta kadhaa. Ni nini, na kwa nini zinatutendea hivi?*
— Mtembea porini

Pole kwa mbwa wako, natumaini amepona. Umenitumia Heteropogon contortus. Nilizitambua kabla ya kufungua bahasha, kwa sababu moja ilikuwa imeshatoboa karatasi na kuchungulia nje.

Tazama ilivyotengenezwa. Mbele kuna ncha kali ya kahawia. Nyuma ya ncha kuna nywele ngumu zote zimelazwa kuelekea nyuma, kwa hiyo inaingia kwa urahisi na kutoka kwa shida. Nyuma ya mbegu kuna udevu mrefu, wa sentimita 5 au zaidi, uliosokotwa kama kamba na kukunjwa katikati kama goti. Mmea ukikomaa, ndevu hizo husokotana zenyewe kwa zenyewe juu ya suke, zikafanya fundo moja.

Weka mbegu moja kiganjani, uitie tone la maji. Nimefanya hivyo sasa hivi na mojawapo ya zako. Kwa muda mfupi haikutokea kitu, kisha goti likaanza kuzunguka, polepole kama mshale wa saa, kamba ikawa inajisokotoa. Ikikauka inajisokota upya. Haina uhai unaoisukuma. Kuta za seli zake hunywa unyevu na kutanuka kwa namna isiyolingana, na tofauti hiyo ndiyo nguvu yenyewe. Francis Darwin, mtoto wa Charles Darwin, alichapisha uchunguzi wake juu ya ndevu za namna hii mwaka 1876, akitumia nyasi za jenasi Stipa. Mbegu ikianguka, goti linaegemea majani ya karibu, umande wa usiku unaizungusha upande mmoja, jua la mchana upande wa pili, na ncha inazama ardhini kidogo kidogo. Inajipanda yenyewe. Soksi yako na ngozi ya mbwa wako zimekuwa udongo kwake.

Ikikunasa, usiivute kurudi ilikotoka, nywele zitashika. Isukume mbele, itokezee upande wa pili wa kitambaa, uivute kwa ncha. Na mbwa akitoka porini, mkague kati ya vidole, masikioni na kwapani siku ile ile.

*Nyasi niliyojifunza shuleni kwa jina la Panicum maximum sasa naambiwa ni Megathyrsus maximus, kitabu kingine kinasema Urochloa maxima. Tushike lipi?*
— Msomaji aliyechoka

Ilipewa jina la Panicum maximum mwaka 1781. Ikahamishiwa Urochloa mwaka 1987, na Megathyrsus mwaka 2003, kwa kuwa wataalamu walipozidi kuchunguza undugu wake, baadaye hata kwa vinasaba, walikuta haikai vizuri na Panicum halisi. Uhamisho si jambo la juzi: hata ukoka, Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, aliuita Panicum dactylon mwaka 1753, na Persoon, mtaalamu mwingine, ndiye aliyeutoa humo mwaka 1805. Mimi kwenye lebo huandika jina ninaloliamini leo na lile la zamani chini yake. Angalia kwamba maximus, maxima na maximum ni neno moja, linabadilika mwisho tu kufuata jenasi. Kwa hiyo nusu ya jina ulilojifunza bado unayo.

*Nimeanza kukusanya nyasi ili nizikaushe, lakini zinageuka rangi ya tope na kuota ukungu. Pia nyingine ni ndefu kunizidi mimi. Nifanyeje?*
— Mkusanyaji mpya

Umenigusa pale pale. Ukungu ni maji yaliyokosa pa kwenda. Laza nyasi ndani ya gazeti siku ile ile uliyoichuma, weka kadibodi juu na chini, kandamiza kwa kitu kizito, na siku za mwanzo badilisha gazeti kila siku. Watu hubadilisha mara moja wakaridhika. Ukilishika gazeti likawa baridi kuliko mkono wako, bado lina maji.

Karatasi ya hebaria ina urefu wa sentimita 42 hivi kwa 29. Nyasi ndefu ikunje kwa kona kali, mara moja, mara mbili, au mara tatu kama herufi W, ikiwa bado mbichi. Ikikataa kutulia, pitisha kona kwenye kijipande cha karatasi kilichopasuliwa mfereji. Ya kukuzidi wewe, chukua vipande vitatu: chini pamoja na mizizi, katikati pamoja na fundo na kona ya jani, na suke, kisha uandike urefu wa mmea ulioupima pale pale. Usiiache mizizi, lakini uioshe. Na kama mimea yenyewe ni michache mahali hapo, chukua bua moja lenye suke, mingine iache, na kwenye ardhi ya mtu omba ruhusa kwanza.

Lebo iandike ukiwa bado porini, kwa penseli, kwa kuwa wino huchuruzika. Tarehe, mahali, udongo wa namna gani, kivuli au jua, umesimama peke yake au umejaa uwanda mzima, ulikuwa na harufu gani ulipouvunja. Nilipokuwa kazini zilikuwa zinanifikia nyasi nzuri ajabu, zimekaushwa kwa ustadi, lebo imeandikwa "nyasi, kando ya njia". Nilikuwa nazibandika huku nasikitika, kwa kuwa hakuna tena wa kumuuliza njia ipi.

Anza na rangi ya vile vifuko vya chavua, kama vimetokeza. Vilivyo vya zambarau asubuhi, ukifika nyumbani vitakuwa vimekwisha kuwa vya kahawia.